Kiti Kimoja katika Roketi Nene

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Leo sitafuti wasikilizaji, natafuta mahakimu. Nitawapa watu watatu, chombo kimoja na kiti kimoja, kisha nitanyamaza, na hukumu itakuwa yenu. Mwenye haraka ya kujibu aung'ate ulimi kwanza. Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na kila mara hakosekani mmoja anayeropoka jina katikati, halafu mwishoni anaona aibu na kuinamia viatu vyake.

Watu wenyewe ni hawa.

Wa kwanza ni Bi Nyamizi Kasanda, Mnyamwezi, miaka sabini na miwili. Kipaji chake ni jicho. Akiangalia karatasi tupu anaona kitu ambacho hakijawahi kuwepo, na anakiona kizima, mpaka skrubu zake.

Wa pili ni Pazi, Mzaramo, miaka hamsini. Kabla ya mambo haya alikuwa akifua sufuria za alumini. Kipaji chake ni kiganja. Mwekee kitu mkononi, atakutajia uzito wake bila mizani, na akikosea basi amekosea kwa uzito wa punje chache za mchele.

Wa tatu ni Veneranda Tluway, binti wa Mbulu, miaka thelathini na mitatu. Huyu aliendesha kreni kwenye majengo marefu kwa miaka sita. Kipaji chake ni upole wa mkono: alikuwa akiushusha mzigo wa vioo kutoka juu mpaka sakafuni, na usisikie kioo hata kimoja kikilia.

Wote watatu walifanya kazi katika karakana moja, pembeni mwa uwanda mpana wa chumvi unaopakana na ziwa. Uwanda huo uko wapi? Msiniulize, sina nauli ya kuwapeleka.

Sasa sikilizeni kazi yao. Roketi, kama mjuavyo, ni chombo cha kubeba mafuta yake mwenyewe. Katika kila kilo kumi zinazoondoka ardhini, kilo tisa ni mafuta, na ile moja inayobaki ndiyo chombo, injini, miguu na abiria. Ni mzigo mgumu. Kwa hiyo tangu zamani roketi zilijengwa kwa vipande: kipande cha chini kinasukuma, kinaisha, kinatupwa baharini, cha pili kinasukuma, nacho kinatupwa. Kinachofika juu ni kijisehemu kidogo cha ncha. Safari nyingine ikitakiwa, jengeni roketi nyingine.

Bi Nyamizi, akiwa msichana wa miaka ishirini na sita anayesoma uhandisi ughaibuni, aliona huo ni uharibifu. Hakuwa peke yake. Katika nchi kubwa za wakati ule walikuwapo mainjinia waliochora roketi za namna nyingine, vyombo vinene vya kipande kimoja, vya kwenda vizima na kurudi vizima, vikitua wima juu ya miguu yao vikingoja kujazwa mafuta tena. Walichora, wakapiga hesabu, wakatoa hotuba. Nyingi kati ya ndoto hizo ziliishia kwenye karatasi. Nyamizi naye akachora ya kwake: nene, fupi, kitako kipana, na kitako hicho hicho ndicho kingepokea moto wa kurudi kutoka angani. Akaipeleka kwa wakubwa wa ofisi moja nyumbani.

"Inarudi kinyumenyume?" mkubwa mmoja aliuliza.

"Inarudi kinyumenyume, inawasha injini, inasimama."

"Kwa hiyo imechoka, inataka kukaa?"

Ofisi nzima ikacheka. Wakamshauri aichore nyembamba, iwe na sura ya roketi za watu. Alikataa. Alirudi na michoro yake, akafundisha hesabu katika shule za sekondari kwa miaka thelathini na kitu, na kila mwaka, shule zikifungwa, aliitoa michoro ile kabatini akaipigia hesabu upya. Alizikwa na fikra hiyo akiwa hai, niseme hivyo, na inaniuma kila ninapolisema.

Dunia ikabadilika, na mtu mmoja mwenye uwezo akaisikia habari yake. Karakana ikajengwa. Mkuu wake akawekwa Bwana Kiwelu, mtu mwangalifu, asiyependa kelele. Lakini chombo kilipojengwa kwa mara ya kwanza, kilikuwa kizito mno. Injini ziliwaka, kikatetemeka, kikakaa pale pale. Hapo ndipo alipoitwa Pazi.

Pazi aliweka mizani mlangoni na sheria yake ikawa moja: unachokiingiza, ukitoe. Ukiingia na nati, utoke na nati. Ukitaka kuongeza waya kwenye chombo, uonyeshe kwanza waya gani unaupunguza, na karatasi ya uzito isainiwe na wote watatu, yeye, Bi Nyamizi na Veneranda. Alitoboa vyuma matundu ili vipungue. Alikwangua rangi, maana rangi nayo ina uzito. Siku moja alimsimamisha Bi Nyamizi mwenyewe mlangoni.

"Vua bangili hizo, mtani."

"Bangili zangu zinapanda angani?"

"Zinagusa chombo. Zikigusa zinakwangua, zikikwangua nitaongeza bati. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu, na wewe unataka kukibebesha chombo changu vyuma vya mkononi?"

"Walibeba," alisema Bi Nyamizi akizivua, "na babu zako walikaa kivulini wakingoja kuletewa."

Waliendelea hivyo kwa miaka tisa, na chombo kikapungua kilo mia tatu na arobaini. Kila kilo iliyotoka, mafuta kidogo yakaongezwa mahali pake. Zamani chombo kingebakiwa na mafuta ya sekunde sita tu za kuelea juu ya ardhi kabla ya kutua. Sasa kilikuwa na sekunde kumi na tisa. Mnaona ni kidogo? Ngojeni.

Veneranda ndiye aliyefundishwa kukiteremsha. Wengine walijaribu kwenye mashine ya mazoezi, wakakiangusha. Walikuwa wakipambana nacho. Yeye alikikamata kwa namna alivyokuwa akikamata mzigo wa kreni: anauacha uyumbe kidogo, anaujua unakotaka kwenda, kisha anautangulia. Aliketi chumba cha usukani, mbele ya skrini, vidole viwili juu ya kifimbo, na ukimwangalia usoni ungedhani anachambua mchele.

Sasa tufike siku yenyewe.

Chombo kilipanda asubuhi bila mtu ndani. Kikaizunguka dunia mara moja, dakika tisini, kikageuka, kikaanza kurudi kinyumenyume. Kitako kipana kilipokea moto wote, kikawa chekundu, kikastahimili. Kilipofika kilomita mbili juu ya uwanda, injini zikawaka. Veneranda akabonyeza kitufe cha miguu.

Mguu wa kwanza ukafunguka. Wa pili. Wa tatu. Wa nne ukakataa.

Pazi alijua sababu kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila mguu ulisukumwa na hewa kupitia kibomba, na kila kibomba kilikuwa na vibano viwili vya kukishikilia. Miezi minne kabla ya hapo, Pazi alikuwa ametoa kibano kimoja kwa kila mguu ili kupunguza gramu tisini. Aliandika kwenye karatasi ya uzito, na Bi Nyamizi akasaini, na Veneranda akasaini, wote wakifurahia gramu tisini. Mtetemeko wa kupanda ulikuwa umekichomoa kibomba cha mguu wa nne.

"Kipeleke ziwani," Bwana Kiwelu aliamuru. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni: mguu ukikataa, chombo kizamishwe kwenye maji, kisije kikaangukia watu. Na watu walikuwepo. Wavuna chumvi kumi na mmoja walikuwa mita mia tatu kutoka kwenye malundo yao, wamesimama, wanatazama juu.

Veneranda hakukipeleka ziwani.

"Fundi," aliuliza bila kugeuka, "sekunde ngapi?"

"Kumi na tisa," alisema Pazi.

"Bibi, kikiinama, kitaanguka?"

"Kinahimili kuinama digrii kumi na tano," alisema Bi Nyamizi. "Kitako ni kipana. Roketi nyembamba ingelala."

"Una hakika?"

"Mjukuu wangu, nimeipiga hesabu hiyo kila mwaka tangu nikiwa na miaka ishirini na sita."

"Veneranda, ziwani!" alipaza sauti Bwana Kiwelu, mtu yule asiyependa kelele.

Veneranda akakisogeza chombo pembeni kwa taratibu, mita kwa mita, mpaka kwenye lundo kubwa la chumvi lililokuwa limewekwa na wavunaji. Akaugeuza ule upande usio na mguu ukaelekea lundo. Akakishusha. Miguu mitatu ikagusa ardhi, na upande wa nne ukaegemea chumvi. Lundo likatitia. Chombo kikainama digrii tano, nane, kumi na moja. Injini zikakohoa mara moja zikazimika, mafuta yamekwisha, sekunde ya kumi na tisa. Kikainama digrii kumi na tatu.

Kikatulia.

Watu walilia, nawaambia kweli. Pazi alikaa sakafuni. Bi Nyamizi alikwenda nje kwa miguu yake, nusu saa ya kutembea juani, akasimama mbele ya kile chombo kilichoinama na chumvi imekiganda ubavuni, akasema, "Umerudi."

Sasa basi. Mnaona hapa pana ubishi? Bado. Hadi hapo ni furaha tupu. Ubishi ulianza wiki mbili baadaye, wakaguzi walipomaliza kukipekua chombo. Mguu wa nne ulirekebishwa, vibano vikarudishwa. Lakini tangi lilikuwa limejikunja upande ulioegemea lundo, na tangi hilo haliwezi kutolewa bila kukivunja chombo chote. Wakaguzi wakasema: litahimili safari moja tu, si zaidi. Baada ya hapo chombo kiwekwe mahali watu wakakitazame. Na yule mwenye uwezo alikuwa amezeeka, na wanawe hawakutaka kusikia habari za kujenga kingine.

Najua mlichokuwa mnataka kusema. Mlitaka kusema wapokezane, chombo si ni cha kwenda na kurudi? Ndiyo, kilikuwa hivyo. Sasa kimebakiwa na kwenda kumoja na kurudi kumoja, na ndani yake pana kiti cha mtu mmoja. Atazunguka dunia mara moja, atashuka wima juu ya uwanda wa chumvi, na baada yake hakuna mwingine.

Bwana Kiwelu alikubali mambo mawili kabla ya lolote. Kwanza, atakayekwenda ni mmoja wa hawa watatu, hakuna mgeni atakayeletwa. Pili, daktari amewapima wote, na wote wanafaa. Bi Nyamizi ana moyo wa msichana. Pazi alijinyima ubwabwa kwa miezi miwili ili uzito wake ukubalike, na mizani ikamkubali. Veneranda anaweza kukiteremsha akiwa ndani, au akakiteremsha akiwa chini na mwingine ameketi. Kwa hiyo msikimbilie huko. Aliwaita karakanani, akawauliza mmoja mmoja mbele ya wenzake: nani aende?

Katika hadithi nyingine, hapa watu hujifanya wema. Huyu anamsukumia yule, yule anamsukumia huyu. Hawa walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa, hawakuwa na haja ya kudanganyana.

"Mimi," alisema Bi Nyamizi.

"Mimi," alisema Pazi.

"Mimi," alisema Veneranda.

Bwana Kiwelu akavuta kiti akakaa. "Basi nambieni."

"Nilichekwa," alisema Bi Nyamizi. "Nilichekwa na watu ambao wote wameshakufa, na bado nawasikia. Kila mtu alisema ikonde, na mimi nikasema iwe nene, na unene huo ndio uliokizuia kisilale siku ile. Nimekichora kabla ya ninyi wawili kujua kusoma. Nikienda, nitajua kwamba sikuwa mwendawazimu. Nisipokwenda, nitakufa nikiwa nimeambiwa tu. Ninyi mna miaka mbele yenu. Mimi sina."

"Kiti si pensheni, mtani," alisema Pazi, na hakukusudia utani. "Hatukigawi kwa umri. Mchoro wako ulikaa kabatini miaka arobaini kwa sababu ulikuwa haupandi. Siku ulipojengwa, haukupanda. Ni mimi niliyeupandisha, gramu kwa gramu. Na zile sekunde kumi na tisa ni mikono yangu hii. Kwa sekunde sita, huyu binti angefanya nini?"

"Na kibano je?" aliuliza Veneranda polepole.

Pazi alimgeukia. "Kibano nilikitoa mimi. Sikatai. Sijalala vizuri tangu siku ile. Lakini mkono uliotoa kibano ndio mkono uliotoa kilo mia tatu na arobaini, huwezi kuuchukua nusu. Na sahihi zenu zipo." Akavitazama viganja vyake. "Miaka tisa napima kila kitu. Napima nati, napima rangi, napima chakula changu. Nataka nifike mahali hapo ambapo mtu hana uzito, hata kwa dakika tisini. Nimekuwa nikiwaandalia wengine njia ya kufika huko."

"Bila mimi," alisema Veneranda, "mchoro wa Bibi na gramu za Fundi vingekuwa chini ya ziwa. Kanuni ilisema zamisha. Kila mtu hapa angezamisha."

"Na wale watu kumi na mmoja?" aliuliza Bwana Kiwelu. "Kingeanguka, ungewaambia nini watoto wao?"

Veneranda alifumba macho. "Ningesema nilikosa. Nimewaona usiku ndotoni, Mkuu, wote kumi na mmoja, usidhani sijawaona. Lakini hakikuanguka. Niliujua mkono wangu. Kwenye kreni nilikuwa nashusha vitu vya watu, vioo vya watu, nyumba za watu, na jioni nateremka ngazi naenda zangu. Na hapa pia nakishusha chombo huku nikiangalia skrini. Mara moja tu nataka nishuke nacho."

Bwana Kiwelu, ambaye kichwa kilikuwa kinamuuma, akawapa njia rahisi. "Tupige kura ya vijiti. Atakayepata kirefu aende."

Wote watatu wakakataa, na hapa ndipo ninapowapenda zaidi. Bi Nyamizi ndiye aliyesema kwa niaba yao. "Vijiti ni kwa watu ambao hawajafanya kitu. Sisi tumefanya. Atakayebaki anataka kujua amebaki kwa sababu gani. Chagua, Mkuu, na utuambie sababu. Tutaikubali, hata ikituuma."

Wakapeana mikono juu ya ahadi hiyo. Bwana Kiwelu akaomba siku tatu, akazitumia zote, na hakupata jibu. Siku ya nne asubuhi hakukuwa na muda tena, maana kiti cha roketi hakinunuliwi dukani. Mtu huvua viatu, hulala chali ndani ya sanduku refu, akamwagiwa plasta nzito ikauzunguka mgongo wake, mabega na shingo. Ikiganda, hupatikana umbo lake, na kiti huchongwa kwa umbo hilo na la mwingine lisiingie. Mafundi wanahitaji siku tisa kukichonga, na siku tisa ndizo zilizobaki kabla ya safari.

Sanduku limewekwa katikati ya karakana. Mafundi wa plasta, watu ambao hawajui kubembeleza, wameshaikoroga kwenye ndoo nne. Bi Nyamizi amesimama upande wa kichwa cha sanduku. Pazi upande wa miguu. Veneranda ubavuni. Wote watatu wameshalegeza kamba za viatu, na hakuna hata mmoja anayemtazama mwenzake. Bwana Kiwelu amekuja kwangu, ananishika mkono, ananiomba niwaulize ninyi, kwa sababu mimi mwenyewe jibu nililo nalo Jumatatu silo nililo nalo Alhamisi.

Kumbukeni, hamtoi jina peke yake. Wawili watakaofunga tena viatu vyao wanataka sababu, tena mtawaambia mkiwatazama usoni.

Plasta ikishakorogwa huganda kwa dakika ishirini. Nimeshazungumza kumi na saba.

Haya, mahakimu. Nani alale?